Kinywa cha Kukodi: Sifa za Wifi Yangu

Wiki iliyopita mliniacha jikoni na mwiko mkononi, mume wangu akinieleza kwamba dada yake ndiye aliyepewa kiti changu kwenye mkutano wa wauguzi. Mlionitumia pole nawashukuru. Mlioandika kwamba nina wivu nawashukuru zaidi, maana mmenipunguzia kazi ya kueleza.

Ndiyo, nina wivu. Tena si ule wa kuona mwenzako kavaa gauni jipya ukauliza kalinunua wapi. Huu wangu huamka kabla yangu, nikienda kuoga naukuta bafuni.

Kwa aliyeingia leo, mimi ni mkalimani wa kujitegemea. Sina bosi, sina ofisi, nina simu tu ninayoitazama iite. Wageni wakija kwenye mkutano na lugha yao, mimi hukaa nyuma ya ukumbi ndani ya kibanda cha vioo, nimevaa hedifoni, nasema kwa lugha hii yanayosemwa kwa lugha ile. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja, kichwa kitachemka. Hukaa wawili. Mmoja akisema, mwenzake hupumzika huku akimwandikia majina na tarakimu pembeni, kisha wanapokezana.

Na mkalimani hasemi "bwana huyu anasema kwamba." Husema "mimi." Mkulima akisema ni baba wa mapacha, nami kibandani ni baba wa mapacha. Nimeshakuwa daktari wa meno, nimeshakuwa mjane, nimeshakuwa mzee mwenye ndevu anayedai pensheni. Kinywa changu ni cha kukodi, anayekikodi ndiye anayesema.

Mwenzangu kibandani alikuwa wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Nilimfundisha mimi. Alikuja kwangu hajui hata kitufe cha kuzima sauti mtu akitaka kukohoa, akawakoholea wajumbe masikioni asubuhi nzima. Leo yeye anaitwa kila mahali, na mimi naitwa yeye akiwa na udhuru.

Mniulize amenishinda kwa nini. Kwa lugha hanishindi, na kwa kasi hanishindi. Amenishinda kwa salamu.

Wakati wa chai mimi hubaki kibandani na chupa yangu ya maji, napumzisha sauti. Yeye hutoka. Anamsalimia mlinzi, anamsalimia mama wa vikombe, anamuuliza fundi mitambo mgongo wake unaendeleaje. Akirudi ana makombo ya keki kifuani na kazi ya wiki ijayo mkononi.

Mimi nililelewa na methali moja, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi nimekaa kibandani najiuza, na wanunuzi wote wako kwenye chai.

"Ungetoka nawe ukasalimia watu," mume wangu aliniambia siku ile ya mwiko.

"Mimi si mgombea ubunge."

"Asiyekuwapo na lake halipo, mke wangu."

"Nipo. Nipo kibandani."

"Basi kaviambie vioo vikupe kazi," akasema, akafunua sufuria.

Nililala nimempa mgongo. Asubuhi nikaenda kuchapisha kadi.

Kadi zilitoka nzuri, nyeupe, na jina langu katikati. Jioni nikavaa viatu vinavyonibana, nikaenda kwenye hafla ya wenye makampuni niliyopata mwaliko wake kwa shemeji yangu wa mbali. Nikasimama mlangoni nikijiambia kwamba kama wifi anaweza, mimi nitashindwaje.

Nilianza na mlinzi, kama afanyavyo yeye.

"Habari za kazi, baba? Watoto hawajambo?"

Akanitazama juu mpaka chini. "Mama, umepoteza kitu?"

Ndani nilikuta watu wamesimama vikundi vikundi, kila kikundi kimefunga mduara kama wanaoficha kitu. Nikasogelea mmoja, nikatoa kadi kabla ya kutoa salamu, nikagawa kama mtu anayegawa vipeperushi vya dawa ya mende. Bwana mmoja aliipokea kwa heshima zote, akaisoma, akaikunja kona, akachokolea meno.

Nikasema moyoni, vumilia, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama kwa mama mmoja mwenye shanga kubwa.

"Unafanya ukalimani?" akafurahi. "Vizuri sana. Basi kuna binti mmoja wa kazi hiyo lazima umfahamu, atakusaidia kupata watu. Ngoja nikupe namba yake."

Akanisomea namba. Nikajifanya naiandika. Ilikuwa ya wifi yangu, naijua kwa kichwa.

Nilirudi nyumbani viatu mkononi. Kama mtu angenipima joto usiku ule angenipeleka hospitali.

Tangu hapo simu yangu ilikaa kimya. Kila ilipoita ilikuwa mama mkwe, akiniuliza kama nimesikia binti yake anavyotajwa, na kama nami kazi zipo. "Zipo, mama," nasema. "Alhamdulillah," anasema, na sauti yake inaonyesha haamini hata chembe.

Halafu juzi, karibu na mchana, ikaita namba nisiyoijua. Alikuwa fundi mitambo, yule wa mgongo.

"Dada, uko wapi? Wakubwa wa wafugaji nyuki wana chakula cha mchana, wanataka mkalimani sasa hivi."

"Nani kakupa namba yangu?"

"Njoo kwanza, mengine baadaye."

Sikuuliza tena. Nilifurahi jinsi ambavyo mtu hapaswi kufurahia kuitwa dakika za mwisho. Njiani nikawa najisifu. Unaona, kumbe wapo wanaojua kazi yangu. Kumbe chema hujiuza kweli, ila huchukua muda.

Ilikuwa hoteli ndogo yenye vitambaa vyeupe mezani. Wenye meza walikuwa wawili tu. Mmoja alikuwa mgeni, mwenyekiti wa shirikisho la wafugaji nyuki la kimataifa, mama mwenye nywele fupi na mikono yenye alama za kuumwa. Huyo hakujua Kiswahili. Wa pili alikuwa Katibu wa chama cha hapa kwetu, baba mnene mwenye kicheko kinachotikisa vikombe. Huyo hakujua lugha ya mgeni.

Katibu akaninyooshea mkono. "Karibu, dada yetu. Tunaye nani mwenzetu?"

"Mkalimani tu," nikasema, nikavuta kiti.

Yakumbukeni maneno hayo mawili. Wifi yangu pale angeanza na jina lake, akaja na la baba yake, na kabla supu haijafika Katibu angekuwa ameshajua yeye ni wifi wa nani na amefundishwa na nani. Mimi niliona nikijitaja nitaonekana najitembeza.

Nikakaa kati yao, nyuma kidogo. Wakaniletea supu. Sikuigusa, kwa sababu mkalimani akitia kijiko kinywani meza nzima inanyamaza.

Walianza na mizinga, wakaenda kwenye nta, wakafika kwenye dawa zinazoua nyuki. Nilikuwa vizuri siku ile. Nilikuwa mwenyekiti, nikawa Katibu, nikawa mwenyekiti tena, na wao wakatazamana wenyewe kwa wenyewe kana kwamba sipo. Hiyo ndiyo sifa ya kazi yetu.

Ndipo mgeni akafuta mdomo, akasema, nami nikavusha kwa Kiswahili: "Mwaka ujao tuna mikutano miji mingi. Nataka wakalimani wawili wa kudumu, watakaosafiri na sisi mwaka mzima. Nimechoka kubahatisha. Unamjua mtu?"

Niliyasema hayo kwa Katibu bila kuruka neno. Mwaka mzima wa kutotazama simu. Mwaka mzima wa kumjibu mama mkwe kwa sauti ya kweli. Na mimi hapo hapo, kiti kimoja kando, nikionyesha kazi yangu. Nilingoja Katibu anigeukie.

Hakunigeukia.

"Usihangaike, mwenyekiti," akasema. "Kuna binti mmoja." Akamtaja kwa jina na ukoo.

Wifi yangu.

Na mimi ningefanya nini? Nilifungua kinywa. "Mimi sijawahi kusikia sauti tulivu kama yake," nikasema kwa lugha ya mgeni. "Nikimsikiliza nasahau kwamba kuna mtu katikati. Ni msikivu, ana adabu, hachoki. Mimi nampenda kama mwanangu."

Katibu aliendelea, na mimi nikaendelea. Nilimsifu wifi yangu kwa ulimi wangu mwenyewe, kwa sarufi safi na maneno teule, maana hata nikiwa na wivu siwezi kutafsiri ovyo. Ule utulivu na usikivu nilimfundisha mimi, nikiwa nimemkalisha kwenye kochi langu, nikimlisha chakula changu. Hakuna aliyenitaja. Mpishi hakutajwa, kikasifiwa chungu.

Nilipomaliza nilihisi nimemeza mwiba.

"Na kasoro yake?" mgeni akauliza. "Kila mtu anayo."

Nikamuuliza Katibu. Akacheka, vikombe vikatikisika. "Huyo hana kasoro. Labda tu anasalimia watu mno."

Akatia mkate kwenye supu. Mgeni alikuwa ananitazama akingoja.

Nimekaa kwenye kazi hii tangu sijaolewa. Sijawahi kuongeza neno la mtu, wala kupunguza. Nimetafsiri matusi nikatukana vizuri. Lakini siku ile wivu ulishika usukani, nikasikia sauti yangu ikisema kwa utulivu kabisa: "Kasoro yake ni kuchelewa. Anasalimia watu mno, mkutano unaanza yeye hajafika."

Yalitoka laini kama maji. Hata sikukohoa.

Mgeni akaweka kijiko chini. "Kuchelewa," akasema. "Hilo silivumilii. Muulize, kama huchelewa, mbona anamsifu hivyo?"

Hapo nilitambua nimejifungia mlango na ufunguo nimeuacha nje. Nikilivusha zima swali lile, Katibu atasema yeye hajatamka kuchelewa. Nikalikata kati.

"Anauliza, mbona unamsifu hivyo?"

"Nitamwambia kwa nini," Katibu akasema, akaweka mkate kando. "Kwa sababu ya neno moja. Nilipomwambia yule binti kwamba nitamtaja kwako, alinikatalia. Akasema, Katibu, usinitaje peke yangu. Kibanda ni watu wawili, na mimi bila aliyenifundisha sifanyi. Ni mke wa kaka yake. Anasema huyo mama ni hodari kuliko wakalimani wote anaowajua, ila hatoki kunywa chai na watu, ndiyo maana hajulikani. Kila anapokwenda kunywa chai humtaja yeye kwanza. Basi ukimchukua mmoja, umewachukua wote."

Mke wa kaka yake.

Wasomaji wangu, mimi ni mke wa kaka yake.

"Dada, nimesema haraka?" Katibu akauliza kwa upole.

"Hapana, baba."

Nikatafsiri. Safari hii sikuongeza wala sikupunguza. Nilisema, "Anasema huyo mama ni hodari kuliko wote," na uso wangu ukawaka moto, na bado, Mungu anisamehe, nikamwonea wivu hata hapo. Nilimwonea wivu kwa kuwa na moyo ambao mimi sina. Kila kazi aliyonibebea kutoka kwenye chai nilidhani ni makombo yake. Wauguzi wale niliodhani amenipokonya, nani ajuaye alisema nini kwa ajili yangu.

Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa.

"Basi siwataki wote wawili," akasema. "Aliyemfundisha kazi ndiye aliyemfundisha na kuchelewa. Mwambie anitafutie wengine."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilikuwa bado nautafuta mdomo wangu uko wapi nimwambie Katibu habari hiyo, niliposikia sauti mlangoni.

"Habari za mchana, kaka? Mama ameshatoka hospitali? Afadhali."

Salamu hiyo alipewa mhudumu. Iliyofuata alipewa mpokea wageni, kisha mtu wa meza ya jirani. Sikuhitaji kugeuka.

Wifi yangu akafika mezani akiwa ananukia sabuni. "Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, binti yangu. Unasemwa wewe hapa, una maisha marefu."

Akampa mgeni mkono, akamsalimia kwa lugha yake, akajitaja jina, mgeni akajibu kwa adabu kavu. Kisha akanishika bega.

"Wifi. Umekula?"

Katibu akaacha kutafuna. "Wifi?"

"Si ndiye huyu, Katibu. Yule niliyekwambia. Leo nilimwambia fundi ampigie yeye badala yangu, nikamwachia meza hii ili mfahamiane. Nikajua mkimsikia tu, basi." Akanitazama akicheka. "Kwani hukujitambulisha?"

"Alisema mkalimani tu," Katibu akasema, akapiga meza kwa furaha. "Kumbe tunamsifia mtu mbele yake. Dada, umetuficha."

Nilitabasamu. Sijui nilipata wapi tabasamu.

Mgeni hakuelewa kicheko, na hakungoja kutafsiriwa. Alikuwa amepata mtu anayeijua lugha yake, akamgeukia moja kwa moja.

"Tulikuwa tunazungumza habari zako," akamwambia wifi. "Katibu wako anakusifu, lakini anasema unachelewa kazini. Mkutano unaanza wewe hujafika. Ni kweli?"

Wifi yangu hajawahi kuchelewa kazini. Hufika kabla ya wanaopanga viti, ndiyo maana anawajua.

Alimtazama Katibu. Katibu alikuwa anapaka siagi mkate, ana furaha ya mtu ambaye hajasema ubaya wa yeyote. Kisha akanitazama mimi. Mezani palikuwa na kinywa kimoja tu cha kuvusha maneno, na wote wawili tulijua ni cha nani.

Mkono wake bado ulikuwa begani kwangu. Ukaondoka taratibu.

"Ni kweli," akamjibu mgeni. "Siku nyingine salamu hunichelewesha. Nitajirekebisha."

Nilitaka sakafu ifunguke. Kanifunika. Mimi nimempaka matope, yeye kayavaa kama kanga yake, bila kukunja uso. Hata kwa hilo alinishinda.

Na mgeni, kwa mara ya kwanza tangu supu, akacheka. "Mtu anayekubali kosa lake bila kujitetea naweza kusafiri naye mwaka mzima. Kazi ni yako. Na mwenzako? Nimeambiwa humtaki mwingine ila aliyekufundisha. Naona mnafahamiana, ndiye huyu aliyekaa hapa?"

"Ndiye huyu."

"Kazi yake nimeisikia, ni nzuri sana. Basi niwachukue wawili?"

Wifi alichukua kitambaa cha kufutia mikono, akakikunja, akakikunjua. Alipokuja kusema, alisema polepole, kwa lugha ya mgeni, na macho yake hayakuja upande wangu.

Katibu akanigusa kiwiko. "Wanasemaje, dada? Usituache nyuma."

Nilikuwa bado mkalimani wa meza ile. Nilikodiwa, na sheria naijua. Nikakohoa, nikasema kwa sauti yangu ya kazi:

"Mpaka asubuhi ya leo nilisema bila yeye sifanyi. Sasa naomba siku chache nifikiri. Kibandani mimi hufumba macho mwenzangu anaposema, kwa sababu namwamini. Sijui kama naweza kufumba macho tena nikiwa na huyu."

Kicheko cha Katibu kikakatika. Alimtazama wifi, akanitazama mimi, akarudi kwa wifi.

"Jamani, mbona sielewi? Si wewe uliyemleta? Amefanya nini?"

Wifi yangu akaweka kitambaa mezani, akakinyoosha kwa kiganja mpaka kikalala.

"Mwambie, wifi," akasema. "Wewe ndiye mkalimani."